Vidato vya Mnazi

Ndugu msomaji, kama hujafika Ngamiani usiogope kupotea. Mitaa yetu ina namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka unaipita ya Ishirini. Mtu akijua kuhesabu amefika. Mimi nimekulia huku, nimesoma huku, na nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2017 nilirudi huku huku kukaa kijiweni, maana matokeo yangu yalikuwa ya kuficha mfukoni. Daraja la nne. Kidato cha tano nikakisikia kwa wenzangu.

Tangu hapo naandika riwaya. Nimejaza kaunta buku tatu. Siku moja babu yangu, karani mstaafu wa bandarini, alinikuta barazani naandika akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi unajua neno kidato maana yake nini?"

Nikamjibu kidato ni darasa la sekondari.

Akacheka. "Hilo ni la juzi. Kidato ni ule mkato anaouchonga mkwezi kwenye mnazi ili apate pa kuweka mguu. Sisi watu wa pwani tulionyeshwa madafu, vidato hatukuchongewa."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Basi nikaanza kuuliza wazee, na kusoma kila kitabu cha historia nilichoazimwa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, jambo la kushangaza. Shule ya kwanza ya serikali katika koloni la Wajerumani ilifunguliwa hapa hapa Tanga, mwaka 1892. Si Moshi, si Bukoba. Haikufundisha dini, kwa hiyo watoto wa Kiislamu walikwenda bila hofu, na wamisheni wakanung'unika kwamba serikali inawapendelea Waislamu. Mafunzo yalikuwa kwa Kiswahili. Kulikuwa na kiwanda cha uchapaji, na gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904, lilichapishwa hapo. Fikiria, msomaji: vijana wa Tanga walikuwa wakipanga herufi za gazeti la Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita!

Sasa mbona waliotangulia kuingia darasani hawakutangulia kuingia chuo kikuu?

Jibu la kwanza ni kwamba shule ile haikujengwa ili mtu apande. Mjerumani alitaka makarani, wakalimani, walimu na maakida wa kumsaidia kutawala. Mtoto alipofika kwenye kalamu ya ofisini, safari imekwisha.

Jibu la pili liko Magila, huko Muheza. Wamisheni wa Kiingereza wa UMCA walifika Bonde tangu miaka ya 1860. Jina la misheni yao lenyewe ni kichekesho kichungu: ilikuwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa na watu wa Oxford na Cambridge baada ya wito wa Livingstone wa mwaka 1857. Vijana wa Kibondei waliosoma vizuri walipelekwa Kiungani, Unguja, kwenye shule iliyoanza na watoto waliokombolewa utumwani. Hebu tuseme haki: watoto wale, wasio na kwao wala ukoo, ndio waliokuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa elimu ya juu kidogo katika pwani hii. Lakini mlango ule ulikuwa na sharti, nalo ni ubatizo.

Basi watu wakagawanyika. Mbondei mwenye msalaba akapata Kiingereza. Mdigo na Msegeju wa Moa na Mkinga, na Waislamu wenzao wa mjini, wakabaki na chuo cha Kurani na shule ya serikali. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 Mwingereza akachukua nchi, na Kiingereza kikawa ndicho ufunguo wa ofisi kubwa. Katikati ya miaka ya 1920 serikali ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango chake. Vyuo vya Kurani havikupewa kitu. Hapo, msomaji, ndipo vidato vilipochongwa kwenye mnazi wa jirani, wetu ukabaki laini.

Si kwamba wazee wetu walilala. Mwaka 1922, hapa Tanga, makarani wa Kiafrika waliunda chama chao. Kiongozi wake alikuwa Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, na ndani yake walikaa Wakristo na Waislamu pamoja. Mwaka 1931 Kayamba alifika hadi London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge. Lakini kwa Waafrika wa kizazi chake chuo kikuu kilikuwa kama mwezi: unauona, huufiki. Makerere ilianza mwaka huo huo wa 1922 kama shule ya ufundi, huko Uganda, na ni mwaka 1949 tu ndipo ilipokuwa chuo kikuu kishiriki cha London. Kuingia huko kulitaka sekondari kamili, na sekondari kamili za Waafrika katika Tanganyika zilikuwa chache mno, nyingi zikiwa za misheni.

Hapa ndipo babu yangu anapoingia. Alizaliwa mwaka 1940, mama Msegeju, baba Mdigo. Alifaulu darasa la nane akapata nafasi katika shule moja ya misheni ya mbali, ya kulala huko huko. Baba yake akakataa. "Mtoto wangu hatauza dini kwa vitabu," ndivyo alivyosema. Nilipokuwa mdogo nilimwona babu-mkuu kama mjinga. Leo siwezi kumtukana. Aliambiwa achague kati ya mtoto msomi na mtoto wake. Lakini pia siwezi kusema alifanya vyema, kwa sababu babu hadi leo, akiona wanafunzi wa chuo wanapita na mabegi, huwafuata kwa macho mpaka wapotee.

Jirani zetu wa Mombasa walijaribu dawa. Kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora, mwaka 1951 ilifunguliwa MIOME, taasisi ya ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki yote, Tanganyika ikiwemo. Majengo mazuri, ya minara. Lakini sekondari zilizopaswa kuipatia vijana bado zilikuwa chache. Walijenga kilele kabla ya shina! Hata hivyo haikufa. Ilifungua milango kwa watu wa dini zote, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kwetu uhuru ulikuja na mambo mawili makubwa. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Nchi nzima! Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni chini ya serikali. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Moa aliweza kwenda kusoma katika jengo lililojengwa na padri bila mtu kumwuliza jina la ubatizo. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa na wilaya, ili waliotangulia wasizichukue zote. Wapo waliolalamika kwamba mwenye alama kubwa anaachwa. Nawaelewa. Lakini anayekwea mnazi wenye vidato na anayekwea usio navyo, utawapimaje kwa saa moja?

Imesaidia kiasi gani? Kwa hesabu ya makabila hakuna ajuaye, kwa sababu sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza mtu kabila lake. Sisi wenyewe tulichagua kutohesabiana hivyo, na mimi naliona ni jambo la heri. Ila lina gharama yake: aliyeachwa nyuma naye haonekani.

Milango ya juu leo ni mingi. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, na kina kituo Tanga. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza 2005, katika majengo yaliyotolewa na serikali ya Rais Mkapa. Mwaka huo huo Bodi ya Mikopo ikaanza kazi. Ada ya sekondari imefutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na cha sita tangu 2022. Basi kwa nini mimi nilianguka?

Nitasema ukweli. Niliangushwa na Kiingereza. Sisi ambao Kiswahili ni maziwa ya mama, tunakaa miaka saba tukifundishwa kwacho, halafu kidato cha kwanza kinatushusha njiani kama konda aliyemaliza ruti. Baiolojia nilikuwa naijua. Swali ndilo sikulijua.

Nilijifariji kwa Shaaban Robert. Mtoto wa Vibambani, hapo jirani tu. Alisoma Dar es Salaam 1922 hadi 1926, akawa karani wa forodha Pangani, hakukanyaga chuo kikuu, na leo vyuo vikuu vinamsoma yeye. Nikamwambia babu, "Unaona? Mwandishi hahitaji chuo."

Babu akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, Shaaban hakukataa chuo. Chuo hakikuwepo. Usijisifu kwa umaskini wa mwenzio."

Sikuwa na jibu.

Kesho yake nilikwenda kuulizia kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nirudie masomo manne. Riwaya naendelea nayo usiku. Babu amenunua kamusi ya Kiingereza kwa fedha yake ya pensheni, imechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi wa kushonea nyavu. Kila jioni ananisomesha maneno matano barazani. Matamshi yake ni ya bandarini, lakini maana anazijua.

Jana tulifika herufi C.