Shirika la Umeme Lililowafundisha Wafanyakazi Wake: Habari za Bonde la Mto Tennessee

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: TENNESSEE, NORRIS, na mwaka 1933. Tutayahitaji.

Wengi wenu mmefika darasani baada ya kazi. Mmoja ametoka shambani, mwingine ametoka kiwandani, mwingine amewaacha watoto kwa jirani. Mwili umechoka, na bado mmeshika kalamu. Basi leo nataka kuwapa habari za watu waliofanya kama ninyi, mbali sana na hapa, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Katika zamu yao walijenga ukuta wa kuzuia mto ili umeme upatikane. Zamu ikiisha, wengi wao waliingia darasani. Na aliyewafungulia darasa hilo ni mwajiri wao, yaani shirika la umeme lenyewe.

Swali la somo letu ni hili: Shirika likimwajiri mtu, je, deni lake kwake ni mshahara tu, au lina deni jingine? Liwekeni swali hilo moyoni. Tutalirudia mwishoni.

NCHI ILIVYOKUWA

Mto Tennessee uko Marekani, upande wa kusini mashariki. Bonde lake linagusa majimbo 7. Mwaka 1933 watu wa bonde lile walikuwa maskini. Miti ilikuwa imekatwa ovyo. Mahindi, pamba na tumbaku vilipandwa mwaka baada ya mwaka bila kuupumzisha udongo, na mvua ikaja ikauchukua. Mto ulipofurika ulibomoa nyumba na kuharibu mashamba. Malaria, homa ile ile tunayoijua sisi, katika sehemu nyingine iliwashika watu kama 30 katika kila watu 100. Na umeme je? Katika kila mashamba 100 ya bonde lile, yaliyokuwa na umeme ni kama 3 tu.

Tena ulikuwa wakati wa shida kubwa ya kazi. Tangu mwaka 1929 biashara za Marekani zilikuwa zimeanguka. Viwanda vilifungwa, na watu mamilioni walitembea kutafuta kazi wasiipate.

Tarehe 18 Mei 1933, Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuanzisha shirika la serikali. Jina lake ni Tennessee Valley Authority, na kwa kifupi huitwa TVA. Shirika hilo lilipewa kazi ya kuzuia mafuriko, kuufanya mto upitike na vyombo, kusaidia kilimo, na kutengeneza umeme. Bwawa la kwanza kuanza kujengwa liliitwa Norris, kwa heshima ya George Norris, mjumbe wa Baraza la Seneti aliyeipigania sheria hiyo. Kazi ilianza Oktoba 1933, ikaisha mwaka 1936. Ukuta wake una urefu wa mita 567, na kimo cha mita 81 hivi. Mnazi mrefu ni kama mita 25. Basi fikirini minazi mitatu mirefu, mmoja juu ya mwingine, na bado haijafika juu.

KAZI BILA KUJUANA

Jambo la kwanza lililokuwa geni ni namna ya kuwaandika watu kazi. Zamani zile, mtu wa bonde lile aliyetaka kazi ya serikali alimwendea mkubwa wa chama cha siasa. Ukiwa mtu wake, unapata. Usipokuwa mtu wake, unarudi nyumbani. Sheria ya TVA ilikataza jambo hilo. Ilisema mtu aajiriwe na kupandishwa cheo kwa sifa na uwezo wake tu. Mkurugenzi ambaye angeonekana na Rais kuwa amevunja kifungu hicho, ilikuwa lazima aondolewe. Sheria pia ilitaka mafundi na vibarua walipwe mishahara isiyo chini ya ile ya kawaida ya mahali pale.

Maelfu ya watu walifanya mtihani ili wapate kazi, hata kazi ya kibarua. Na mtu wa kwanza kusimamia mambo ya wafanyakazi, Floyd Reeves, hakuwa mhandisi wala mfanya biashara. Alikuwa mtu wa elimu kutoka Chuo Kikuu cha Chicago. Mwenyekiti wa shirika, Arthur Morgan, alikuwa mhandisi wa mabwawa, lakini pia alikuwa amekwisha kuongoza chuo kiitwacho Antioch, ambacho wanafunzi wake walifanya kazi na kusoma kwa zamu. Kwa hiyo, watu waliokuwa juu waliamini kwamba kazi na masomo vyaweza kukaa nyumba moja.

MUDA WA KUSOMA

Sasa sikilizeni hesabu hii. Kwenye bwawa la Norris, mtu alifanya kazi muda wa saa 5 na nusu kwa siku, siku 6 kwa juma. Andikeni: 5½ mara 6 ni ngapi? Naam, ni saa 33. Siku iligawanywa kwa zamu 4, na kazi ikaendelea karibu usiku na mchana.

Kwa nini zamu ziwe fupi hivyo? Sababu ya kwanza ni kugawana kazi. Mahali ambapo watu watatu wangeajiriwa kwa zamu ndefu, walipata kazi watu wanne. Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi: mtu abaki na muda na nguvu za kujifunza. Ninyi mnajua ukweli wa jambo hili kuliko mimi. Kumwambia mtu asome ni rahisi. Lakini ukimchosha tangu alfajiri mpaka giza, hata ukimpa kitabu, kitamwangukia usingizini. Anayetaka wafanyakazi wake wajifunze, hana budi kuwapa muda.

Karibu na bwawa shirika lilijenga mji mdogo, nao ukaitwa Norris. Palikuwa na nyumba, mabweni, shule ya watoto, na karakana za mafunzo. Baada ya zamu kibarua aliweza kujifunza useremala, umeme, au ufundi wa magari. Wengine walijifunza ufugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyelazimishwa.

Huenda mtajiuliza: Kwa nini shirika la umeme limfundishe mtu kufuga kuku? Jibu ni kwamba bwawa lina mwisho. Siku saruji ya mwisho ikimwagwa, vibarua wengi hawana kazi tena. Waongozi wa TVA walitaka mtu arudi kwao na kitu mkononi, kuliko arudi na jasho lake tu.

Vitabu navyo vilifuata kazi. Mwaka 1934 shirika lilimwajiri Bibi Mary Rothrock, mkutubi wa mji wa Knoxville. Yeye hakungoja wafanyakazi waende maktaba. Aliona kwamba mtu mwenye matope miguuni anaona haya kuingia katika jumba la vitabu. Basi vitabu vikatiwa ndani ya masanduku, vikapelekwa penye kazi, hata kwenye mabanda ya vifaa, pale mtu alipofuata msumeno na nyundo. Bibi Rothrock baadaye, mwaka 1946, alikuwa rais wa chama cha wakutubi wa Marekani yote.

HAKI YA KUSEMA

Kumwendeleza mfanyakazi si kumfundisha tu. Ni kumsikiliza pia. Mwezi wa Agosti 1935 TVA ilitoa kanuni zilizosema kwamba wafanyakazi wana haki ya kujiunga na chama na kuchagua wasemaji wao, tena mtu asiadhibiwe kwa ajili hiyo. Mwaka 1940 shirika na baraza la vyama vya mafundi walitia sahihi mkataba. Mishahara ikajadiliwa mezani. Pakawa na mpango wa wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza ufundi kwa kufanya kazi chini ya fundi, huku wakilipwa.

Shirika lilipata faida gani? Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, TVA ilikuwa ikijenga mabwawa 12 na mtambo mmoja wa mvuke kwa wakati mmoja. Wafanyakazi wa ujenzi na uchoraji wa ramani walifika 28,000. Kazi kubwa namna hiyo haifanywi na watu wasiojua. Waliojifunza katika bwawa la kwanza walikuwa mafundi na wanyapara katika mabwawa yaliyofuata.

MLANGO ULIOFUNGWA

Wanafunzi wangu, historia ikisimuliwa upande mmoja ni nusu ya historia. Hatuna budi kutazama na upande wa pili.

Wamarekani Weusi walikuwa wengi katika sehemu nyingine za bonde lile. Shirika lilisema litawaajiri kwa kadiri ya idadi yao, na penginepo lilifanya hivyo. Lakini waliajiriwa kufanya nini? Wengi wao walipewa kazi za kuchimba, kubeba, na kumwaga saruji. Katika mji wa Norris, wenye nyumba nzuri za umeme, hakuna familia nyeusi iliyoruhusiwa kukaa. Kwenye bwawa la Wheeler, katika jimbo la Alabama, walikuwa na kambi yao mbali na weupe.

Walipata masomo pia, lakini katika madarasa ya peke yao. Msimamizi wa mafunzo hayo alikuwa J. Max Bond, mwalimu Mweusi. Baadaye, katika miaka ya 1950, aliongoza Chuo Kikuu cha Liberia, huku Afrika. Lakini mtu mweusi aliyejifunza, hata kwa bidii, alikuta ngazi imekatwa juu. Uanagenzi wa ufundi mkubwa alinyimwa. Vyama vingine vya mafundi havikuwapokea weusi, na mlango wa chama ndio uliokuwa mlango wa ufundi. Kwa hiyo mkataba ule ule uliomsaidia fundi mweupe uliweza kumfungia nje mwenzake mweusi.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1934 John P. Davis aliandika juu ya ubaguzi huo katika jarida la The Crisis. Yeye na mwanasheria Charles Houston walikwenda kwenye mabwawa wakaangalia kwa macho yao, wakayatangaza waliyoyaona. Lakini safari ilikuwa ndefu. Sheria ya Marekani yote ya kukataza ubaguzi kazini haikupatikana mpaka mwaka 1964.

TUMEJIFUNZA NINI?

Mfano wa TVA ulitazamwa na nchi nyingi. India ilianzisha shirika la namna hiyo kwa bonde la mto Damodar mwaka 1948. Tanzania nayo iliunda mamlaka ya kuendeleza bonde la mto Rufiji mwaka 1975. Wageni waliokwenda Tennessee walipiga picha kuta kubwa na mitambo. Mimi naona wangefaa kutazama pia lile sanduku la vitabu kando ya misumeno.

Sasa turudie swali letu. Je, deni la shirika ni mshahara tu? Habari hizi zatupa majibu matatu. Kwanza, mshahara hulipa kazi ya leo, lakini mafunzo humtayarisha mtu kwa kazi ya kesho. Shirika lisilofundisha watu wake litaomba mafundi kwa wengine kila siku. Pili, mafunzo bila muda ni maneno matupu. Zile saa 33 zilikuwa sehemu ya shule. Tatu, na hili ndilo kubwa: ukitaka kujua shirika linawapenda wafanyakazi wake kiasi gani, usiulize tu kama lina darasa. Uliza nani anaruhusiwa kuingia, na akitoka anapewa kazi gani. Elimu ambayo haimwongezei mtu nafasi ni kama ngazi iliyoegemezwa ukutani pasipo dirisha.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ninyi mmeinama usiku huu juu ya daftari zenu. Na wakubwa wa kazi nao wana wajibu wao: wasiuzibe mvungu.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini zamu za Norris zilikuwa fupi? Toeni sababu mbili.

2. Mafunzo yalimsaidiaje kibarua ambaye kazi ya bwawa ilimwishia?

3. Mfanyakazi mweusi alisoma, lakini hakupandishwa. Je, kosa lilikuwa la nani: la shirika, la vyama, au la wote wawili? Elezeni.

4. Mahali unapofanya kazi wewe, ni nani anayepewa nafasi ya kujifunza, na nani asiyepewa? Andika sentensi tano.

Tukutane katika somo lijalo. Kwaherini.