Ketamini: Dawa ya 1962 Ambayo Mamathe Wetu Bado Wanaihitaji

Wasee wa Kayole, Umoja, Dandora, nyote. Ukitaja ketamini mtaani, wengi wanafikiria dawa ya kulewa klabu ama sindano ya farasi. Mimi chuo niliacha, kusoma sikuacha, na historia ya hii dawa inatuhusu sana.

Kwanza ubongo. Seli zake huamshana kwa kemikali inaitwa glutameti. Ikitoka seli moja, inaingia kwa vipokezi vya seli ya pili, kama ufunguo kwa kufuli. Shida ni kuwa glutameti iko karibu kila kona ya ubongo. Ukizima vipokezi vyote, umemaliza mtu. Kwa hivyo inatakiwa dawa inayochagua: izibe kufuli moja, zingine iziache.

Ketamini ilitengenezwa 1962 na Calvin Stevens, kwa kampuni ya Parke-Davis, Marekani. 1964 ikajaribiwa kwa wafungwa huko Michigan. Hiyo pia tusisahau, wanaodungwa kwanza huwa ni wale hawana sauti. 1970 ikaruhusiwa, ikatumika kwa wanajeshi walioumia vita ya Vietnam. Na miaka hiyo yote hakuna aliyejua hasa inafanyaje kazi! Ni 1983 ndipo David Lodge na wenzake, London, walionyesha kuwa inaziba aina moja ya kipokezi cha glutameti, inaitwa NMDA.

Hapo mbio zikaanza, kila mtu anatafuta ufunguo safi zaidi. Miaka ya 1990 selfotel ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi, ikafeli. 2019 Marekani ikaruhusu esketamini, dawa ya sonona ya kupuliza puani. Na unajua ni nini? Ni pacha mmoja tu wa molekuli ya ketamini ile ile ya zamani.

Sasa kuja Kenya. Mathe amefika hospitali ndogo usiku, mtoto amekwama. Wa kupasua yuko, wa nusukaputi hayuko. Tangu 2013, mradi ulioanzishwa na madaktari wa Massachusetts General Hospital na wenzao wa hapa umefunza matabibu na wauguzi kutumia ketamini hali kama hiyo, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Ripoti ya 2017 ilihesabu upasuaji 1,216, na hakuna aliyekufa kwa sababu ya ketamini.

Na bado ilikuwa karibu tuikose. 2015 China iliomba Umoja wa Mataifa uiwekee sheria kali za mihadarati. Shirika la Afya Duniani likakataa, uamuzi ukaahirishwa.

Sisemi muitumie kwa raha. Inaharibu kibofu, utakojoa kwa uchungu. Wanasayansi nao waendelee kutafuta kitu bora. Lakini siku mtu atasema ipigwe marufuku kwa sababu vijana wanalewa nayo, muulize swali moja: usiku ule, yule mathe atapasuliwa na nini?