Kiboko cha mzazi kilitoka wapi?
Mjadala huu ukizuka lazima mtu aseme: "Sisi tulichapwa na tukanyooka. Haki za watoto ni mambo ya wazungu." Haya, tuangalie.

Ruhusa ya kisheria ya mzazi kumchapa mtoto "kwa kiasi" ni ya Kiingereza. Mwaka 1860 mwalimu Thomas Hopley alimpiga mwanafunzi hadi akafa, na baba ya mtoto alikuwa amekubali achapwe! Jaji akasema kuchapa kwa kiasi ni halali, ila huyu alizidisha. Mkoloni akatuletea.

Sheria yetu ya Watoto ya 2001 iliilinda ruhusa hiyo, mwaka uleule viboko vilipopigwa marufuku shuleni. Katiba ya 2010, tuliyoipigia kura wenyewe, Kifungu cha 29, haitaki mtu yeyote achapwe. Mtoto si mtu?