Santuri Zilizopigwa Hadi Zikachakaa

Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka kwenye soko la dunia, na Zambia, iliyokuwa ikipata zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje kutokana na madini hayo, ikaanza kuyumba. Mwaka huohuo vijana wa nchi hiyo walitoa santuri ambazo leo wapenzi wa roki wa Ulaya na Marekani huzigombania kwa mamia ya dola, na nakala safi ikitokea, hata kwa zaidi ya elfu: Lazy Bones!! ya bendi ya WITCH, Africa ya Amanaz, Wings of Africa ya Musi-O-Tunya, na Zambia ya Rikki Ililonga. Muziki wenyewe ulipewa jina la Zamrock. Umri wake haukufika miaka kumi.

Ulizaliwa zaidi kwenye miji ya Ukanda wa Shaba: Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira. Baada ya uhuru wa 1964 migodi ilikuwa inalipa, na palipo na mshahara wa uhakika gramafoni haikosekani. Santuri za Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple na Black Sabbath zilifika mapema, na James Brown alifika mwenyewe, mwaka 1970. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na jimbo la Katanga la Kongo na rumba yake. Kijana wa Kitwe alikua akisikia yote hayo mtaa mmoja.

Kisha serikali ikatia mkono. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa na kuimba hadharani, alitaka redio ya taifa ipige muziki wa nyumbani. Agizo lake hukumbukwa kwa kiwango cha asilimia 95. Pengine alitarajia nyimbo za asili. Alichopata, pamoja na hizo, ni vijana wenye suruali pana na viatu vya soli nene, magitaa yakinguruma kupitia vile vikanyagio vinavyoikwaruza sauti makusudi, wakiimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Sera za utamaduni ni nadra kuzaa kitu cha kufurahisha kiasi hicho.

WITCH ndio waliokuwa na mashabiki wengi kuliko wote. Jina lilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu", na mwimbaji wao, Emanyeo Chanda, aliitwa Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger. Albamu yao ya kwanza, Introduction, huhesabiwa miongoni mwa santuri ndefu za mwanzo kabisa kutolewa na bendi ya Zambia. Kurekodi kulikuwa kazi moja, kupata santuri ilikuwa nyingine: wakati huo ilibidi tepu zisafirishwe nje, na Introduction ilichapwa Nairobi. Musi-O-Tunya, waliojiita kwa jina la wenyeji la maporomoko ya Victoria, walikwenda mbali zaidi. Walihamia Kenya kwa muda, wakapiga kwenye kumbi za huko, na Wings of Africa ikarekodiwa hukohuko Nairobi. Ukiisikiliza leo, pembe na ngoma zake zinaitofautisha na roki ya magitaa matupu iliyopendwa Kitwe. Kwa hiyo ukoo wa Zamrock una tawi la Afrika Mashariki, ingawa wakusanyaji wengi hawalitaji.

Kwa nini basi nakala za awali za santuri hizi hazipatikani kwa urahisi? Jibu jepesi ni kwamba zilichapwa chache, na ni kweli, soko lilikuwa dogo. Lakini roki adimu ya Uingereza au Marekani mara nyingi ni adimu kwa sababu hakuna aliyeinunua. Nakala zilibaki kwenye maboksi ya duka, na miaka thelathini baadaye mtu akazifukua zikiwa mpya. Za Zambia zilinunuliwa. Zilipelekwa kwenye baa na sherehe, zikaazimwa kwa jirani na jirani akamwazima shemeji yake, zikapigwa kwa sindano butu ambazo mbadala wake uligharimu fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Zilikwisha kwa kutumika. Ndiyo maana nakala nyingi zilizosalia zina mikwaruzo mizito na majalada yaliyoandikwa majina ya wenyewe kwa kalamu ya wino, kasoro ambayo mkusanyaji huikatia bei na ambayo kwa mwanahistoria ni ushahidi mzuri tu.

Kilichofuata kilimaliza hata waliozipiga. Uchumi ulizidi kushuka. Vita vya ukombozi kwa majirani vilivuka mpaka, Rhodesia ikashambulia ndani ya Zambia, na amri za kutotoka usiku zikazisukuma dansi hadi mchana. Kanda za kunakili zikala mauzo, disko ikachukua kumbi. Jagari aliacha bendi akaenda kuwa mwalimu, na baadaye akachimba vito. Kisha ukaja UKIMWI. Kati ya wanamuziki wa WITCH ya awali, yeye peke yake ndiye aliyebaki hai.

Waliozirudisha santuri hizi walikuwa wakusanyaji. Kampuni ndogo za Ujerumani na Kanada zilianza kutoa upya albamu chache, na mwaka 2012 Now-Again ya Los Angeles, inayoongozwa na Eothen Alapatt, ikaweka kazi za WITCH katika boksi moja. Bendi mpya iliundwa kumzunguka Jagari, filamu kuhusu yeye ikatoka 2019, na 2023 bendi ikatoa albamu ya Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Mwaka 2024 rapa wa Marekani Tyler, the Creator alichukua kipande cha wimbo wa Ngozi Family, bendi ya Zamrock ya Paul Ngozi, akakijengea wimbo wake "Noid". Ngozi alifariki 1989. Vijana waliokuwa hawajazaliwa mwaka huo wakaanza kumtafuta.

Shabiki mpya atakayeuliza aanzie wapi ataambiwa Lazy Bones!!, na si ushauri mbaya: ndiyo albamu yenye gitaa kali zaidi, na Jagari anaimba kama mtu asiyejali kama kesho ipo. Lakini mwenye subira aanze na Africa. Amanaz walirekodi albamu hiyo moja tu, ya polepole, yenye huzuni inayofika bila kupiga kelele, nayo imehifadhiwa katika michanganyiko miwili: mmoja mkavu, mwingine uliojazwa mwangwi. Now-Again ilitoa yote miwili, na wapenzi wake bado wanabishana. Wa mwangwi unavutia mara ya kwanza, unasikika kama muziki uliopigwa pangoni. Ule mkavu unaweka gitaa la Isaac Mpofu karibu na sikio, kila kosa dogo likisikika, na ndio unaostahili kununuliwa kwanza.