Mwandiko wa Devanagari katika Vyombo vya Kale vya Shaba

Wenye maduka waliotoka Bara Hindi walipofika Mbulu na Hanang, walikuja na vyombo vyao vya shaba vyenye nakshi. Chombo cha namna hii kikionekana kina maandishi, twakiita cha Kihindi, kisha hatuulizi zaidi. Lakini Bara Hindi ina miandiko mingi, na kazi ya kwanza ya msomaji ni kujua ni mwandiko upi.

Devanagari husomwa toka kushoto kwenda kulia, na herufi zake huning'inia chini ya mstari, mfano wa nguo zilizoanikwa kambani. Kigujarati ni ndugu yake, ila hakina mstari ule. Wafanya biashara wengi wa nchi hizi asili yao ni Gujarat na Kutch, wala daftari zao hazikuandikwa kwa Devanagari. Basi chombo cha jikoni chaelekea kuwa na herufi za Kigujarati, mara nyingi jina la mwenyewe lililogongwa kwa vitone, maana ni desturi yao kuandika majina katika vyombo vya arusi. Neno Shri likitangulia si jina. Ni la heshima, kama sisi tusemavyo Bwana.

Hatari kubwa imo katika tarakimu. Moja ya Devanagari yafanana na 9 yetu, nne ni kama 8 iliyo wazi juu, na sita ni kama 3 iliyogeuzwa. Hata ukizijua zote, mwaka wenyewe huenda ukawa wa hesabu iitwayo Vikram Samvat, iliyotangulia yetu kwa miaka 56 au 57, kwa kuwa mwaka wao hauanzi Januari. Chombo kilichoandikwa 1954 basi ni cha 1897 au 1898. Asiyejua hesabu hii atakidhani cha juzi tu, akiuze kwa uzani.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni kori, fedha ya Kutch, nchi aliyotoka Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Zanzibar zamani za Seyyid Said. Kori za mwisho wa karne ya 19 zina jina la Malkia Victoria upande mmoja, kwa herufi za Kiajemi, ambazo ajuaye Kiarabu atazitambua, pamoja na mwaka wa Kikristo. Upande wa pili ni Devanagari: jina la mtawala Khengarji, na mwaka wa Samvat. Fedha moja, miaka miwili, na kila upande wamfasiri mwenziwe. Sijui mwalimu gani angetaka kitabu bora kuliko hicho.

Wafua vyuma wa Kidatoga, hasa upande wa ziwa Eyasi, huyeyusha shaba kuukuu wakafanya bangili. Ni ufundi wa kusifiwa, wala hatuwezi kuwalaumu. Lakini kilichoingia kalibuni hakisomeki tena. Kwa hiyo maandishi yanakiliwe mapema. Chombo kisisuguliwe kwa mchanga wala ndimu, maana vitone hufutika. Kiwekwe mahali ambapo mwanga watoka ubavuni, kifunikwe kwa karatasi nyembamba, na kalamu ya risasi ipitishwe juu yake polepole, mpaka mstari wa juu, kama upo, uonekane wazi.