Mradi Unapokwisha, Mto Haukomi: Dhana za Msingi za Usimamizi wa Miradi katika Historia ya Uchukuzi wa Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Katika mihadhara ya awali ya usimamizi wa miradi, mwanafunzi hufundishwa kwamba mradi ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, inayofanywa ili kuleta zao mahususi. Fasili hiyo ni sahihi. Humsaidia mwanafunzi kutofautisha ujenzi wa daraja na kazi ya kila siku ya kulikagua na kulikarabati. Hata hivyo, ikichukuliwa peke yake, fasili hiyo huacha swali moja zito bila jibu: mradi unapokwisha, ni nani anayebaki na zao lake, na kwa nyenzo zipi?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia historia ya reli na barabara katika Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, limepitiwa na miradi mikubwa ya vizazi vitatu: ya Wajerumani, ya Waingereza na ya Tanzania huru. Pili, miradi hiyo imekutana na jambo moja lisilobadilika, yaani maji yanayoshuka kila masika kutoka nyanda za Dodoma na milima ya Kilosa. Hoja kuu ni kwamba dhana za msingi za usimamizi wa miradi, yaani mawanda, muda, gharama, vihatarishi na wadau, hazikamiliki mpaka ziunganishwe na dhana ya uangalizi baada ya makabidhiano.

2.0 Usuli wa Dhana

Taaluma ya usimamizi wa miradi ni changa kuliko kazi inayoieleza. Chati ya mihimili inayoonesha kila kazi na muda wake ilienea kupitia maandishi ya Mmarekani Henry Gantt katika muongo wa 1910, ingawa Mpolandi Karol Adamiecki alikuwa amebuni chati ya namna hiyo mwaka 1896. Mbinu za kutafuta njia hakiki, yaani mfuatano wa kazi ambao ukichelewa mradi mzima huchelewa, zilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Taasisi ya Usimamizi wa Miradi ya Marekani, ijulikanayo kama PMI, iliundwa mwaka 1969.

Kutokana na usuli huo, wanafunzi huzoea kuufikiria mradi kama pembetatu yenye pande tatu: mawanda ya kazi, muda na gharama. Upande mmoja ukivutwa, nyingine hutikisika. Pembetatu hiyo ni chombo kizuri cha kumpima msimamizi wakati kazi inaendelea, lakini haikutengenezwa kupima manufaa ya reli baada ya miaka hamsini. Kwa sababu hiyo inafaa kutenganisha mambo mawili: mafanikio ya usimamizi wa mradi na mafanikio ya mradi wenyewe. Historia ya Kilosa inaonesha kwamba la kwanza linaweza kupatikana bila la pili kudumu.

3.0 Reli ya Kati katika Bonde la Mkondoa, 1905–1914

Kabla ya reli, bonde la Mto Mkondoa lilikuwa sehemu ya njia ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe na nguo kupitia huko. Tabia ya nchi hiyo wakati wa masika ilijulikana vizuri. Mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulitaabika kuvuka kinamasi cha Mkata, katika tambarare iliyopo kati ya Kilosa na Mikumi, na habari hiyo ilichapishwa Ulaya. Kwa lugha ya leo, mstari wa kwanza wa orodha ya vihatarishi ulikuwa umekwisha kuandikwa miaka 34 kabla ya ujenzi wa reli kuanza.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule Vita vya Majimaji vilipolipuka. Kazi ilifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann. Reli ilifika Morogoro mwishoni mwa 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, baada ya takribani kilomita 1,250. Ikipimwa kwa pembetatu, kazi hiyo ni ya kustaajabisha, hasa ikikumbukwa kwamba tuta lake lilijengwa kwa nguvu za maelfu ya vibarua wa Kiafrika.

Uamuzi muhimu kwa mjadala huu ni ule wa njia. Kutoka Kilosa kuelekea Gulwe, wahandisi waliifuatisha reli na bonde la mto. Sababu yao inaeleweka: treni haipendi mwinuko mkali, na mto ulikuwa umekwisha kuichonga milima. Kwa uamuzi huo gharama ya ujenzi ilipungua, lakini haikutoweka. Ilihamishwa kutoka bajeti ya ujenzi kwenda bajeti ya matengenezo ya kila mwaka. Aliyefanya uamuzi hakuwa yule ambaye angeulipia. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walibomoa madaraja ya reli hiyo wakirudi nyuma, na baada ya vita Waingereza wakairithi reli pamoja na mto wake.

4.0 Mpango wa Karanga: Somo la Upembuzi Yakinifu

Gharama ya uamuzi huo ilionekana wazi mwaka 1947, katika mradi ambao haukuwa wa reli. Serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula, iliamua kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, magharibi mwa Kilosa. Upembuzi yakinifu wa mpango huo mkubwa, ulioongozwa na John Wakefield mwaka 1946, ulichukua takribani wiki tisa tu.

Mitambo ya kung'olea vichaka ilipaswa kusafirishwa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa reli moja inayopita Kilosa. Mto Kinyasungwe, ambao maji yake ndiyo yanayoshuka kuwa Mkondoa, ulifurika na kuikata reli. Huo haukuwa mkosi tu. Ulikuwa utegemezi ambao mpango haukuupa uzito: kazi yote ya shambani ilitegemea kiungo kimoja, na kiungo hicho kilikuwa kimejengwa kando ya mto. Huko Kongwa kwenyewe mvua haikutosha, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekoma, na takribani pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa katika vitabu.

Makosa ya mpango huu hutajwa mara nyingi kuwa ya kilimo. Kwa mtazamo wa usimamizi wa miradi, kosa la awali ni kwamba tarehe na ekari ziliamuliwa kwanza, kisha upembuzi ukatakiwa kukubaliana nazo. Upembuzi ambao hauruhusiwi kusema "hapana" haustahili kuitwa yakinifu.

5.0 Tawi la Mikumi: Miradi Inapokutana

Mwaka 1960 tawi la reli kutoka Kilosa lilifika Mikumi, na mwaka 1965 likaendelezwa hadi Kidatu, kwenye lango la bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa. Mikumi, mji unaobeba jina la mti wa mkumi, ukawa mahali ambapo reli hukutana na barabara kuu ya Morogoro–Iringa. Mawanda ya tawi hilo yalikuwa bayana: kulifungua bonde lenye rutuba kuelekea soko.

Baadaye Tanzania, Zambia na China zilijenga reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita karibu na Kidatu. Reli ya Kilosa–Kidatu ina geji ya milimita 1,000. TAZARA, ili iungane na reli za Zambia, ina geji ya milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 ilitosha kuzuia behewa moja kupita juu ya njia zote mbili. Kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa Kidatu mwaka 1998, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya TAZARA kukamilika.

Hakuna kati ya miradi hiyo miwili ulioshindwa kwa vigezo vyake. Kila mmoja ulitimiza mawanda uliyopewa. Kilichokosekana ni mamlaka ya kuitazama kama programu moja, na kuuliza mapema itakuwaje siku itakapokutana. Mara nyingi thamani ya mradi hupotea kwenye mpaka wake na mradi mwingine, mahali ambapo hakuna mkandarasi aliyelipwa kupaangalia.

6.0 Wadau Wasiohudhuria Vikao

Mwaka 1964 Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya Morogoro–Iringa inaikata kwa takribani kilomita 50. Msafiri wa basi huwaona twiga na nyati bila kulipa kiingilio, na wanyama nao hugongwa na magari, hasa usiku. Matuta, vibao vya onyo na ukomo wa mwendo ni jitihada za kupunguza vifo hivyo.

Fasili ya mdau inayofundishwa darasani ni mtu au taasisi inayoathiriwa na mradi au inayoweza kuuathiri. Mikumi inatulazimisha kuipanua. Nyati hajazi hojaji wala hahudhurii mkutano wa kijiji. Vivyo hivyo mjukuu wa mkulima wa Kilosa ambaye bado hajazaliwa. Mara nyingi wadau wa namna hii husikika kwa hasara tu, baada ya zao la mradi kuanza kutumika. Msimamizi makini huteua wa kuwasemea tangu hatua ya usanifu.

7.0 Mafuriko ya 2009/2010

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika. Tuta la kuuzuia, urithi wa enzi ya ukoloni, lilibomoka. Maji yaliingia mjini Kilosa, maelfu ya wakazi walipoteza makazi na wengi wakahamia kambini. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa, na safari za treni za abiria kwenda bara zikasimama kwa miezi kadhaa.

Wakati huo reli ilikuwa katika mpito wa kitaasisi. Tangu mwaka 2007 mali za miundombinu zilikuwa chini ya kampuni hodhi RAHCO, na uendeshaji chini ya TRL, kampuni ya ubia kati ya Serikali na RITES ya India. Ubia huo ulivunjika mwaka 2011. Maji ya mto yalikuwa chini ya mamlaka ya bonde la Wami/Ruvu, na ardhi ya milimani chini ya vijiji na wasimamizi wa misitu. Hivyo tuta, reli, mto na mlima vilikuwa na wenyewe mbalimbali, ilhali mafuriko huja kama kitu kimoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kilosa methali hiyo iliacha kuwa ya mafumbo.

Ni muhimu kuona kwamba hapakuwa na mradi uliochelewa siku ile. Hapakuwa na mkandarasi wa kutozwa faini wala ratiba iliyokiukwa. Zana zote za pembetatu zilikuwa kimya, kwa sababu mradi ulikuwa umekwisha miongo mingi iliyopita. Waliolipa ni watu ambao hawakuwa sehemu ya mkataba wowote.

8.0 Reli ya Kisasa

Ujenzi wa reli ya geji ya kimataifa ya milimita 1,435 ulianza mwaka 2017 kwa kipande cha Dar es Salaam–Morogoro. Kipande cha Morogoro–Makutupora, kinachopita Kilosa, kilifuata mwaka 2018. Mikataba ilitaja miezi 30 kwa kipande cha kwanza na miezi 36 kwa cha pili. Safari za abiria hadi Morogoro zilianza Juni 2024 na hadi Dodoma Julai 2024. Kwa upande wa muda, basi, pembetatu inasoma kuchelewa.

Lakini kuna usomaji mwingine. Katika milima ya Kilosa reli hii imetobolewa mahandaki manne yenye jumla ya zaidi ya kilomita 2. Safari hii mlima umetobolewa, kwa gharama kubwa zaidi ya ujenzi. Hukumu ya haki juu ya uamuzi huo haiwezi kutolewa na ripoti ya makabidhiano; itatolewa na masika mengi yajayo, na na bajeti ya matengenezo itakayotengwa kila mwaka.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba dhana za msingi za usimamizi wa miradi zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa katika ardhi halisi. Reli ya Kati inafundisha kwamba gharama inaweza kuhamishwa badala ya kupunguzwa. Mpango wa karanga, kwamba upembuzi lazima uwe huru. Tawi la Mikumi, kwamba mipaka ya miradi inahitaji msimamizi. Hifadhi, kwamba wapo wadau wasioweza kuitwa kikaoni. Na mafuriko, kwamba zao lisilo na mlinzi hurudi kuwa hatari.

Inapendekezwa kwamba andiko la kila mradi wa miundombinu lijibu, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, maswali matatu: nani ataangalia zao, kwa fedha kutoka fungu gani, na kwa mamlaka gani juu ya wale wanaokaa juu na chini ya mto. Maswali haya hayaongezi upande wa nne wa pembetatu. Yanataja uwanja ambao pembetatu imesimama juu yake. Mkazi wa Kilosa anayetazama rangi ya maji ya Mkondoa kila Desemba amekuwa akiyauliza muda mrefu. Taaluma yetu inapaswa kuyaingiza katika somo la kwanza.