Majira

Redioni tunatangaziwa kuwa mechi itaanza saa nne usiku "kwa majira ya Afrika Mashariki". Mkulima naye anangoja majira ya masika. Matumizi ya tatu yanafifia: "kutia saa majira", yaani kuirekebisha ishike wakati sahihi. Saa isiyokwenda sawa ilisemwa haina majira.

Msemo huo ungemfaa Charles Czeisler, mtafiti wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Yeye na wenzake waliwaweka watu kwa wiki kadhaa katika vyumba vyenye mwanga hafifu, visivyo na dirisha wala saa, wakilala na kuamka kwa ratiba ya "siku" yenye saa 28. Joto la mwili na homoni zao havikuifuata ratiba hiyo. Mwaka 1999 walitangaza matokeo: saa ya mwili huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11 hivi.

Dakika 11 kila siku si haba; kwa wiki zinapita saa nzima. Kinachoirudisha saa ya mwili mahali pake hasa ni mwanga unaoingia machoni. Wa asubuhi huivuta mbele; wa usiku, hata ule wa simu kitandani, huichelewesha.

Waandishi wa afya wanaohangaika na "kusawazisha mzunguko wa saa ya kibayolojia" hawana haja ya kwenda mbali. Waandike tu kwamba jua la asubuhi huutia mwili majira.